Nusu Kubwa

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote katika nyumba ile hajapewa chai, mama mkwe alifanya upasuaji. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la jikoni, akawageuzia watu mgongo, akaweka magotini ubao wa kukatia vitunguu, akafungua karatasi ya wembe na kudondosha kidonge kimoja cheupe kutoka kwenye kichupa. Kisha alivuta pumzi, akakaza midomo na kubonyeza. Nusu moja aliimeza papo hapo bila maji, kwa kiburi cha mwanamke aliyezaa watoto saba bila kumwamsha jirani. Nusu ya pili aliipitisha nyuma ya mgongo pasipo kugeuka, na mkwewe akaipokea kiganjani.

"Mshukuru wembe," alisema kila siku.

"Ahsante, wembe," mkwewe alijibu kila siku.

Mkwewe huyo alikuwa fundi cherehani. Watu wa bondeni walimwita Mama Vifungo, kwa sababu hakuna shati lililotoka mikononi mwake likiwa na pengo, hata kama vifungo viwili vilikuwa vya rangi nyingine. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mume fundi baiskeli, watoto wawili shuleni, na presha. Presha ndiyo mali pekee ambayo yeye na mama mkwe wake walimiliki kwa usawa.

Kidonge hakikuwa chake. Dawa ile ilikuwa mpya. Madukani haikuwapo, na katika zahanati ya bondeni, ambako hata pamba ilikuwa habari, hakuna aliyewahi kuisikia. Hospitali kubwa ya mjini iliwapa watu thelathini wa mjini na thelathini wa bondeni ili kuona itashusha presha kwa kiasi gani, na mama mkwe alikuwa mmoja wa wale thelathini wa bondeni. Mama Vifungo hakuwamo. Yeye alichaguliwa kuingia katika Kamati ya Washirika wa Utafiti akiwa mwakilishi wa wagonjwa. Alichaguliwa kwa kuwa ni mgonjwa. Na kwa kuwa amechaguliwa, kanuni zikamkataza kupewa dawa, lisije likatokea jambo lililoitwa mgongano wa masilahi.

Alipomweleza mumewe, fundi baiskeli aliacha kujaza upepo.

"Yaani wamekupa kiti," alisema, "ila wamekiweka mbali na sahani."

Basi mama mkwe akachukua wembe.

*

Siku ya kikao cha nne, Mama Vifungo alivaa gauni lake la kola na kufika kwenye geti la hospitali dakika kumi kabla ya wakati. Mlinzi alimtazama viatu.

"Wagonjwa ni mlango ule, mama."

"Mimi ni wa kamati."

"Kamati ya wagonjwa?"

"Kamati ya utafiti. Mwezi uliopita uliniuliza hivi hivi."

"Na mwezi uliopita ulipitia wapi?"

"Mlango ule."

"Sasa si unaujua," alisema mlinzi kwa upole, akarudi kwenye redio yake.

Chumba cha mikutano kilikuwa na kiyoyozi, meza ndefu inayong'aa, na mbele ya kila kiti kadi iliyoandikwa cheo cha mwenye kiti. Kulikuwa na PROFESA, kulikuwa na DAKTARI watatu, kulikuwa na MTAKWIMU, mama wa makamo ambaye miwani yake ilishinda kifuani ikining'inia kwa kamba. Mwisho wa meza, karibu na mlango ambao kila aliyeingia aliugonga kwenye kiti, kulikuwa na kadi iliyoandikwa MGONJWA. Katika kikao cha pili Mama Vifungo alikuwa ameomba irekebishwe. Ilirekebishwa. Tangu hapo iliandikwa MGONJWA 1, ingawa hakukuwa na wa pili.

Nesi wa utafiti, mwanamke mchangamfu mwenye mikono ya baridi, alikuwa na desturi ya kuwapima presha wajumbe wote kabla ya kikao, kama wengine wanavyogawa pipi. Alipofika mwisho wa meza alitazama namba, akatabasamu.

"Mia na thelathini na sita. Wewe unashuka tu. Unatumia nini?"

"Natembea," alisema Mama Vifungo, na masikio yakamwaka.

"Tembea hivyo hivyo." Nesi akainama, akashusha sauti. "Ila mama mkwe wako ananitia wasiwasi. Jana nimempima mara tatu. Mia na themanini na nane. Vichupa analeta vitupu, hata tarehe hakosei. Sielewi kabisa."

Mama Vifungo alielewa. Aliteremsha mkono wa gauni na kufunga kifungo chake taratibu, kifungo ambacho kwa mara ya kwanza maishani kilimshinda.

Profesa aliwasha mashine, na ukutani ikatokea picha ya mistari miwili. Alikuwa mzee msafi, mpole, mwenye tabia ya kusema "sisi sote" huku akitazama upande mmoja wa meza. Mstari wa buluu, alieleza, ni wa watu wa mjini. Uliteremka kama mtoto aliyeachiwa kwenye mteremko. Mstari mwekundu ulikuwa wa jamii asilia. Uliteremka kidogo, kisha ukakaa, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani.

Jamii asilia ndio watu wa bondeni. Babu zao waliishi msituni hadi msitu ulipowekewa uzio, wakateremshwa huku chini, na tangu hapo mjini walikuwa wameitwa majina mengi. Hili lilikuwa la kwanza kuja na chai.

"Ufuasi wa jamii asilia ni asilimia mia," alisema Profesa. "Vichupa vyote vinarudi vitupu. Mjini hatujapata hata asilimia themanini. Kwa hiyo tatizo si tabia. Ndugu zetu ni wafuasi wazuri mno, na hapa natoa pongezi."

Wakampigia Mama Vifungo makofi. Hakujua aelekeze macho wapi, akayaelekeza kwenye chupa ya maji.

"Tatizo ni miili. Miili ya jamii hii haiitikii dawa hii kama ya wengine. Ni ugunduzi mkubwa, nasema kwa unyenyekevu. Pendekezo letu ni kwamba dawa itakapoidhinishwa isipelekwe katika zahanati ya bondeni wala za jamii zinazofanana nayo, maana itakuwa ni kupoteza." Akasukuma karatasi, ikapita mkono hadi mkono mpaka mwisho wa meza. "Alhamisi ijayo tutaiwekea sahihi. Hapa chini, mama, ni pako. Mwakilishi wa jamii ameshirikishwa na ameafiki."

"Samahani, Profesa. Kuna mtu amewauliza wenyewe?"

"Tumewauliza maswali mia na kumi na mawili."

"Najua. Mojawapo lilikuwa kama choo kina mlango. Nasema kuhusu dawa."

"Ni hoja nzuri. Kwa ajili ya muda, tuiweke kwenye mengineyo."

Mengineyo yalikuwa mwisho wa ajenda, na mwisho wa ajenda ndipo sambusa zilipoingia. Hakuna hoja iliyowahi kuishinda sambusa.

Akirudi kupitia mlango ule, Mama Vifungo alitoa mkobani nakala ya karatasi ya ridhaa ambayo mama mkwe aliwekea dole gumba siku ya kwanza. Aliijua vizuri, yeye ndiye aliyemsomea. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mshiriki atakayempa mtu mwingine dawa ataondolewa mara moja. Hakikusema arudishwe lini.

*

Asubuhi iliyofuata mkono ulipopita nyuma ya mgongo na nusu yake, haukupokewa.

"Mkono wangu unachoka," alisema mama mkwe.

"Meza wewe, Mama."

"Nimeshameza yangu."

"Meza na hiyo. Nesi ameniambia. Mia na themanini na nane."

Mama mkwe aligeuka kwenye kigoda, jambo ambalo kwa magoti yake lilikuwa safari. "Nesi ana umbea. Hiyo mashine inabana mkono mpaka damu inashtuka. Ningekuwa mimi damu ningepanda pia."

"Na kichwa kinachokuuma tangu Jumapili?"

"Kinaniuma kwa sababu mwanao mdogo amejifunza kupiga filimbi."

Ndipo Mama Vifungo alipomweleza yote: mstari wa buluu, mstari mwekundu, miili isiyoitikia, dawa ambayo haitafika bondeni. Fundi baiskeli alikuwa amesimama mlangoni na pampu mkononi, akisikiliza. Mama mkwe alisikiliza huku ameishika ile nusu kati ya vidole viwili kama chawa.

"Miili yetu?" alisema hatimaye. "Miili yetu imebeba mawe ya barabara yao."

"Wanapata nusu ya matokeo kwa sababu tunameza nusu ya dawa, Mama. Watu wote thelathini wanakata. Wewe ndiye uliyewapanga."

Hilo lilikuwa kweli, na mama mkwe hakulikana, alilionea fahari. Hospitali ilipochagua thelathini, bondeni kulikuwa na wenye presha sitini na kitu, na hakuna aliyehitaji kuitisha mkutano. Kilichofika bondeni siku zote kilifika pungufu. Mwaka wa mafuriko yalikuja mablanketi thelathini na tano kwa kaya sabini. Yakakatwa katikati, na Mama Vifungo, bibi harusi wa miezi miwili, akakesha siku nne akikunja pindo za nusu blanketi. Mama mkwe ndiye aliyepanga nani alale na nusu ipi. Vidonge vilipokuja alifanya vile vile: kila aliyechaguliwa akapewa mwenzake aliyeachwa, na orodha ya jozi zote akaihifadhi mahali pasipofikiwa na panya wala nesi, yaani kichwani mwake. Hakuna aliyeona kuwa ni siri. Ingekuwa siri kama mtu mmoja angemeza kizima.

"Ukisema, tunaondolewa," alisema mama mkwe. "Thelathini. Na wale thelathini wengine pamoja nasi."

"Nikinyamaza, dawa haiji tena. Kwetu wala kwa watoto wetu."

"Na wewe utasaini?"

"Ndiyo wanavyotaka."

Fundi baiskeli alikohoa. "Mimi naona..."

"Wewe una presha?" mama yake alimuuliza.

"Sina."

"Basi nenda kajaze upepo."

Kisha akaitazama ile nusu, akamtazama mkwewe, akainuka, akaiweka katikati ya mkate wa mkwewe kama mtu anayempa mtoto dawa ya minyoo. Mama Vifungo aliitoa. Ilikaa juu ya meza siku nzima, na kila aliyepita aliizunguka.

*

Mchana huo baraza la Mama Vifungo lilipata wateja wengi kuliko wiki ya kufungua shule. Walikuja wawili wawili, kila mmoja na nguo iliyokatika kifungo asubuhi ile ile, na nyuzi za vifungo hivyo zilikuwa zimekatwa kwa wembe. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akiwaelekeza mahali pa kukaa.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alikuwa mmoja wa waliochaguliwa, na pia ndiye aliyeuza nyembe.

"Shemeji, tuelewane. Wewe ukifungua mdomo, mimi ndiye msambazaji wa silaha."

"Hakuna atakayetajwa jina," alisema Mama Vifungo.

"Wana namba zetu. Namba ni jina lililonyolewa."

Mama muuza mkaa, ambaye hakuchaguliwa na aliyekuwa akimeza nusu ya Kinyozi, alisema yeye haoni tatizo liko wapi. Tangu aanze nusu ile hajaanguka hata mara moja. "Mwambie huyo Profesa aje anipime mimi. Mwili wangu unaitikia. Unaitikia mpaka nashangaa."

"Hawezi kukupima, hupo kwenye orodha."

"Basi aniweke."

"Akishakuweka lazima aulize umepata wapi dawa."

"Kwa Kinyozi."

"Umeona?" alisema Kinyozi kwa uchungu.

Wakabishana mpaka kivuli kikahama baraza. Wapo waliosema asisaini na asiende tena, augue ghafla, presha ni kisingizio kizuri. Wapo waliosema asaini, maana maprofesa wameshasema mabaya zaidi kuhusu watu wa bondeni na bondeni bado ipo. Mama muuza mkaa aliuliza swali moja tu, kama kuna aliye tayari kumwambia mjukuu wake kwamba dawa ilikuwapo lakini babu na bibi walikubali kuitwa miti isiyosikia dawa. Hapo mama mkwe alisimama kwa kushika ukuta, akayumba, na mkwewe akamdaka kiwiko. Wote waliona. Hakuna aliyejifanya hakuona.

"Sawa," alisema Kinyozi, akitazama chini. "Aseme tunakata. Asiseme nani. Majina yabaki kwa Bibi."

"Na hivyo vifungo?" aliuliza Mama Vifungo, mbele ya rundo la nguo hamsini.

"Vishone tu," alisema Kinyozi. "Tumeshavikata."

*

Alhamisi mlinzi alifungua mkoba wa mama mkwe na kutoa, kimoja baada ya kingine, ubao wa vitunguu, wembe katika karatasi yake na kichupa cha dawa.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya kamati," alisema mama mkwe.

"Kamati gani inatumia wembe?"

"Hii ya kwenu. Mnatukata tangu mwaka jana, leo zamu yangu."

Mlinzi alivirudisha mkobani, kisha, pengine kwa kukosa kanuni inayohusu ubao wa vitunguu, akainua kizuizi. Wakapita geti kuu. Kwa mshangao Mama Vifungo alikaribia kugeuka aende mlango ule.

Chumbani mama mkwe aliigusa ile kadi kwa kidole, na mkwewe akamsomea. "Mgonjwa wa kwanza. Na mimi ni wa ngapi?" Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kiti hicho kilikuwa cha daktari mmoja aliyechelewa.

"Mama, tumefurahi sana kukuona," alisema Profesa, "ila hiki ni kikao cha wajumbe. Kama kuna jambo, tutaliweka kwenye..."

"Halikai kwenye mengineyo," alisema Mama Vifungo.

Alikuwa amekusudia kuisema hotuba yote. Alikuwa ameiandika nyuma ya risiti ya nyuzi, na risiti ilikuwa mkononi, lakini sauti ilikuja bila risiti.

"Profesa, siwezi kusaini. Miili yetu haina kasoro. Hatumezi kizima. Kila kidonge mnachotoa bondeni kinakatwa katikati na kumezwa na watu wawili. Mlichagua thelathini, sisi tuko sitini. Vichupa vinarudi vitupu kwa sababu tunavimaliza, na kifungu cha tisa ndicho kilichotufanya tusiseme. Mimi mwenyewe nimekuwa nikila nusu ya mama mkwe wangu. Ndiyo matembezi yangu, Nesi. Nisamehe."

Kiyoyozi kilivuma. Daktari mmoja alisema jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa kidonge kile hakina mstari wa kukatia.

Mama mkwe alikuwa akingoja mtu aseme hivyo. Aliweka ubao juu ya meza inayong'aa, akafungua karatasi, akatoa kidonge. Safari hii hakuwa na mgongo wa kuwageuzia. Alikaza midomo, akabonyeza. Lakini meza ya hospitali haikuwa magoti yake, na nusu moja iliruka, ikapita juu ya DAKTARI wawili na kutua ndani ya kikombe cha PROFESA.

Profesa alikiangalia kikombe. Kisha, kwa adabu ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba hakuna kilichotokea, alikiinua.

"Usinywe," alisema mama mkwe. "Hiyo iliyokurukia ndiyo kubwa. Ni ya mkwe wangu."

Aliyasema bila kufikiri, kama mtu anayezuia mtoto asikalie kofia ya mgeni, na alipoyasikia mwenyewe alianza kuufuta ubao kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi. Nesi alimtazama yeye, kisha akamtazama Mama Vifungo, na midomo yake ilikuwa ikihesabu: mia na thelathini na sita, mia na themanini na nane. Mama Vifungo hakuhesabu kitu. Aliutazama ule mgongo uliopinda juu ya ubao, mgongo aliokuwa ameutazama kila asubuhi kwa miezi sita na kudhani kuwa ni mgongo wa mtu asiyetaka kuonekana akimeza.

"Kila siku, Mama?" aliuliza.

"Kina ugumu upande mmoja," alisema mama mkwe kwa ukali. "Hakikatiki sawa. Mtu afanyeje, akitupe?"

Aliyefuata kusema alikuwa mtakwimu. Alikuwa amevaa miwani, na kalamu yake ilikuwa ikikimbia kwenye karatasi ya ajenda. "Profesa, kama ni kweli, basi nusu ya dawa imetoa karibu nusu ya mteremko, na wale waliokuwa wakipata nusu ya pili hatujawapima hata mmoja. Huu si mwili usioitikia. Huu ni utafiti wa nusu dozi ambao hatukujua tunaufanya." Akaipitia tena hesabu yake. "Ni mzuri kuliko wetu, kwa kweli."

"Umeharibika," alisema Profesa. Kwa mara ya kwanza upole ulimtoka. "Miezi sita mizima. Mnajua mmefanya nini? Kanuni ni kanuni. Kifungu cha tisa kiko wazi, washiriki wote thelathini..."

"Waondoe," alisema Mama Vifungo. "Ukiwaondoa utabaki na mstari mmoja wa buluu. Hao wengine thelathini, mtakwimu anaowataka, hawako kwenye faili lenu. Wako kichwani mwa huyu mama. Na hatawatoa mpaka kifungu cha tisa kitoke."

"Hivi mnatutisha?"

"Tunashirikiana, Profesa. Nyie ndio mlioleta neno hilo. Mlituuliza maswali mia na kumi na mawili, na hamkuuliza hata moja ambalo tungeliweka sisi. Mngetuonyesha fomu kabla ya kuipiga chapa, mtu wa kwanza bondeni angewaambia: leteni sitini au msilete. Mliniita fomu ilipokwisha kukauka, mkaniweka karibu na mlango ili nisaini. Sisaini."

Akairudisha karatasi. Ilipita mkono hadi mkono, ikarudi juu. Mlango ukafunguka, ukagonga kiti chake, na mtu akaingia na sinia la sambusa. Hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa mama mkwe.

*

Walisema watawasiliana. Kwanza walikusanya vichupa vyote vya bondeni, mpaka hapo uamuzi utakapotoka, na kwa wiki tatu Mama Vifungo alijifunza jinsi cherehani inavyonyamaza. Hakuna aliyeleta kifungo. Kinyozi alimnyoa fundi baiskeli upande mmoja, akakumbuka hasira yake, akamwambia arudi kesho. Muuza mkaa aliacha kusema kwamba mwili wake unaitikia.

Mama mkwe alilala chumbani na kitambaa chenye maji juu ya paji la uso. Mkwewe aliketi ukingoni mwa kitanda akakichuja, akakirudisha, akakichuja.

"Usinitazame hivyo. Sijafa. Wafu hawaulizi chai iko wapi."

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia nini? Una watoto wa kusomesha na macho ya kutunga sindano. Mimi nina magoti tu." Akafumba macho. "Na ungeanza kubishana kila asubuhi. Ningepata presha."

Wiki ya nne gari la hospitali liliteremka bondeni. Nesi alishuka, na mtakwimu, na Profesa mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi la baraza kati ya rundo la vitambaa na muuza mkaa, magoti yakiwa yamekaribia kidevu. Kifungu cha tisa kilikuwa kimefutwa. Pendekezo la miili lilikuwa limeondolewa, ingawa Profesa alilitaja kwa sauti ya mtu anayezungumzia marehemu. Fomu mpya ililetwa ikiwa rasimu, na bondeni ilikaa nayo mchana kutwa, ikafuta maswali arobaini, likiwamo la mlango wa choo, na kuongeza moja: ukileta dawa hii nyumbani, ni nani mwingine anayeihitaji? Profesa alipendekeza lugha nzuri zaidi. Muuza mkaa akamwambia waliweke pendekezo lake kwenye mengineyo.

Kisha mama mkwe akaletwa nje, akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo, na akaanza kuita orodha kutoka kichwani, jozi baada ya jozi, huku mtakwimu akiandika. Kati ya wale thelathini waliokuwa wakipokea nusu, wanne walikataa kuandikwa. Walisema wameshawahi kuandikwa siku ya kutolewa msituni, inatosha. Hakuna aliyewabembeleza. Kinyozi aliwasilisha madai ya fidia ya nyembe, na yakapokelewa kwa kucheka.

Waliokubali walipewa vichupa vyao, na wale wa mwanzo wakarudishiwa vyao. Cha Mama Vifungo kilibaki mezani usiku ule kikiwa na kofia yake, kama mgeni aliyekataa kuvua koti. Alikuwa amejiuzulu kiti cha mwisho wa meza ili apewe. Muuza mkaa alikitwaa kiti hicho kwa sharti kwamba aendelee kupewa kichupa chake, na inasemekana siku ya kwanza alifika na kadi yake mwenyewe.

Asubuhi, kabla ya chai, mama mkwe alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Safari hii aligeukia ndani. Alidondosha kidonge kiganjani, akakitazama juu na chini.

"Kizima ni kikubwa namna hii?"

"Ndivyo kilivyo, Mama."

"Kitanikwama."

Akauchukua ubao, akachukua wembe, akakaza midomo na kubonyeza. Nusu mbili zilijilaza, moja kubwa, moja ndogo, kama kawaida yake. Mkono ulianza kwenda nyuma kwa mazoea, ukasita hewani. Mama Vifungo, ambaye chake alikuwa amekwisha kukimeza, alisimama mbele yake na kikombe cha maji na hakusogea.

"Unanilinda?"

"Nakulinda."

Mama mkwe alicheka puani, akatia nusu kinywani, akameza bila maji, kisha ile nyingine. Alianza na kubwa.